Uhuishaji Unateleza Kwenye Simuleta, Unakwama Kwenye Simu: Dalili, Sababu na Tiba

Malalamiko kuhusu uhuishaji wa simu hufanana sana. Mmoja anasema kwake kila kitu kinateleza, mwenzake anasema picha haisogei kabisa, wa tatu anasema inasogea lakini simu inachemka mkononi. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Tafuta iliyo karibu na yako, anza na sababu ya juu kwa kuwa ndiyo inayotokea mara nyingi, na usiruke ukaguzi mwepesi kwa kudhani tatizo lako ni la kipekee. Mara chache sana huwa hivyo.

Kabla ya yote, jua hitilafu inaonekana wapi: kwenye simuleta (programu ya kompyuta inayoiga simu) tu, kwenye simu tu, au kote? Ikiwa kote, kosa liko kwenye kazi yenyewe, yaani faili, muda au msimbo. Ikiwa kwenye simu tu, shuku mipangilio ya simu kwanza, kisha nguvu yake. Ikiwa kwenye simuleta tu, usipoteze siku nzima kuitibu kompyuta wakati watumiaji hawana shida yoyote.

Sababu ya kutenganisha hivyo ni hii. Simuleta ya iPhone ni programu ya Mac. Inatumia kichakataji cha Mac, kumbukumbu ya Mac na kichakata michoro cha Mac. Emuleta ya Android inaiga kifaa kizima, lakini nguvu yake bado ni ya kompyuta. Zote mbili zinaaminika katika sura: kitu kimekaa wapi, maandishi yanatosha, hatua zinafuatana inavyotakiwa. Katika kasi, kumbukumbu, joto na betri, hazina ushahidi wa kukupa. Namba ya kasi iliyopimwa kwenye simuleta isiingie kwenye ripoti yoyote.

Haisogei kabisa, au inaruka moja kwa moja hadi mwisho

Dalili hii hula muda wa watu kuliko nyingine zote, kwa sababu mara nyingi msimbo hauna kosa. Simu imeambiwa isihuishe, nayo inatii.

Sababu ya kwanza ni vipimo vya uhuishaji vya Android. Menyu ya wasanidi programu hufunguka ukigusa namba ya muundo mara 7 kwenye maelezo ya simu. Ndani yake kuna vipimo 3: cha madirisha, cha mpito kati ya kurasa, na cha muda wa vihuishi. Hicho cha mwisho kikizimwa, kihuishi cha mfumo kinafika mwisho papo hapo. Simu za timu ya majaribio ndizo zinazopatwa zaidi, maana miongozo ya Espresso, zana ya Google ya kujaribu programu za Android, inashauri vipimo vyote 3 vizimwe ili majaribio ya kiotomatiki yasiyumbe. Mtu anaendesha majaribio yake jioni, harudishi mipangilio, na kesho yake mhuishaji anaishika simu ileile akiamini faili yake imeharibika. Unganisha simu na kompyuta, kisha uliza kwa adb, zana ya amri ya Android:

adb shell settings get global animator_duration_scale

Jibu likiwa 0 au 0.0, umempata mkosaji. Likiwa null, kipimo hakijawahi kuguswa. Kurudisha:

adb shell settings put global animator_duration_scale 1

Rudia kwa window_animation_scale na transition_animation_scale, kisha funga programu yako kabisa na uifungue upya.

Sababu ya pili ni mtumiaji kuchagua kupunguza mwendo. iPhone ina chaguo hilo chini ya mipangilio ya ufikivu, sehemu ya mwendo. Android nayo ina la kuondoa uhuishaji. Hii si hitilafu, na ningeomba kila anayetengeneza uhuishaji alichukue jambo hili kwa uzito. Wapo watu wanaopata kizunguzungu na kichefuchefu wakiona vitu vinavyokuja na kurudi kwenye skrini. Wamezima kwa sababu, na si kazi yetu kutafuta upenyo wa kuwapita. Kazi yetu ni kuhakikisha toleo tulivu linakamilika. Kosa linaloripotiwa sana hapa ni la kitufe kilichotakiwa kuingia kwa kuteleza kutoka pembeni: uhuishaji ukizimwa, kitufe kinabaki nje ya skrini na mtu hawezi kuendelea. Kwenye wavuti, sharti la prefers-reduced-motion ndani ya CSS linakuwezesha kuandika hali hiyo wazi. Washa chaguo hilo kwenye simu yako na upitie programu nzima, ukurasa kwa ukurasa.

Sababu ya tatu ni hali ya kuokoa betri. Baadhi ya simu za Android hupunguza au huzima uhuishaji wa mfumo hali hiyo ikiwashwa. Kwenye iPhone, Safari hushusha mzunguko wa requestAnimationFrame, mwito wa kivinjari wa kuchora kila fremu, hadi fremu 30 kwa sekunde, na video zilizotakiwa kujianzisha hazijianzishi. Kwa hiyo jaza betri kabla ya kujaribu, zima kiokoa betri, jaribu. Kisha kiwashe ujaribu tena, kwa kuwa watumiaji wengi ndivyo wanavyoishi.

Kama mipangilio yote ni safi, rudi kwenye faili. GIF ikipakiwa kwa njia ya kawaida ndani ya ImageView ya Android au UIImageView ya iPhone inaonyesha fremu ya kwanza tu na kutulia. Android 9 ilileta AnimatedImageDrawable kwa ajili hiyo. Kwa matoleo ya nyuma utahitaji maktaba kama Glide. WebP (aina nyingine ya faili ya picha) yenye mwendo ilianza kuchezwa na Safari ya iPhone kwenye iOS 14 ya mwaka 2020, hivyo simu iliyobaki nyuma haitaionyesha. GIF iliyocheza mara moja ikasimama haina kiambatisho cha kurudia. Itoe upya kwenye programu uliyoitengenezea ukichagua marudio yasiyo na mwisho.

Video ni habari nyingine. Tangu iOS 10, video ndani ya ukurasa inajianzisha yenyewe ikiwa haina sauti au imenyamazishwa, na lazima iwe na playsinline ili isichukue skrini nzima. Chrome ya Android nayo inadai ukimya. Ukikuta video imeganda kwenye picha ya kwanza, angalia neno muted kabla ya kuanza kuchokonoa kodeki, yaani njia ya kubana video.

Simuleta inateleza, simu inakwamakwama

Skrini ya 60 Hz, yaani inayojichora upya mara 60 kwa sekunde, inakupa milisekunde 16.67 za kuandaa kila fremu. Ya 90 Hz inakupa 11.1. Ya 120 Hz inakupa 8.3 tu. Fremu ikichelewa, skrini inarudia ile iliyopita na jicho linaona mkwamo. Kompyuta inamaliza kazi hiyo mapema sana, ndiyo maana simuleta haikuonyeshi chochote.

Angalia kwanza ni toleo gani umesakinisha. Toleo la kutengenezea, lile lenye ukaguzi wa ziada na lango la kuunganishia zana, ni zito kuliko litakalomfikia mtumiaji. Ripoti nyingi za mkwamo huishia hapa. Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, ina hali yake ya kupimia, iitwayo profile, na haikubali kuendeshwa kwenye simuleta wala emuleta, kwa kuwa vifaa hivyo haviwakilishi kasi ya simu. React Native, zana nyingine ya aina hiyo, nayo ina hali ya usanidi inayoulemea uzi wa JavaScript, yaani mlolongo wa kazi unaoendesha msimbo huo. Izime, jenga toleo la kutoa, kisha ujaribu tena.

Toleo likiwa sahihi na mkwamo ukabaki, pima kabla ya kutibu. Kurekodi skrini kwa simu ileile hakufai sana, maana kurekodi kwenyewe ni mzigo na huenda rekodi ikawa na fremu chache kuliko skrini. Chukua simu ya pili yenye kamera ya fremu 240 kwa sekunde, irekodi ya kwanza, kisha pitia fremu mojamoja. Kwenye skrini ya 60 Hz kila picha inapaswa kukaa kwa fremu 4 za rekodi. Ikikaa kwa 8, fremu moja imepotea. Naupenda ukaguzi huu kwa sababu unaonyesha kile hasa anachokiona mtu, na unamaliza ubishi kati ya mhuishaji na mwandishi wa msimbo bila zana yoyote.

Kwa Android kuna namna mbili za haraka. Ndani ya menyu ya wasanidi kuna chaguo la kuonyesha pau za uchoraji juu ya skrini. Mstari wa kijani uliolala ndio mpaka wa milisekunde 16.67, na kila pau inayouvuka ni fremu iliyochelewa. Namna ya pili ni amri, ukiweka jina la kifurushi cha programu yako:

adb shell dumpsys gfxinfo jina.la.kifurushi

Itakutajia idadi na asilimia ya fremu zilizokwama. Ongeza neno reset mwishoni kabla ya jaribio ili hesabu ianze upya. Programu za Flutter na michezo huchora kwenye uso wao wenyewe, kwa hiyo kwao amri hii haina la kusema. Tumia zana zao. Kwa iPhone, fungua Instruments, zana ya Apple ya kupimia programu, na uchague kiolezo cha Animation Hitches. Kipimo cha Apple ni muda uliopotea kwa kila sekunde ya mwendo: chini ya milisekunde 5 ni nzuri, kati ya 5 na 10 watumiaji wanaanza kuona, zaidi ya 10 ni tatizo kubwa.

Sasa sababu zenyewe, kwa mpangilio wa jinsi zinavyojitokeza. Ya kwanza ni kuhuisha sifa isiyofaa. Ukibadilisha upana, urefu au nafasi ya kitu kwa top na left, mfumo unalazimika kupanga upya ukurasa kwenye kila fremu. Ukitumia transform na opacity, kitu kinasogezwa kama kilivyokwisha kuchorwa. Ndiyo sababu useNativeDriver ya React Native inakubali sifa za aina hii ya pili tu. Mara nyingi mabadiliko haya peke yake yanamaliza kesi.

Ya pili ni kuchora juu ya kuchora. Washa chaguo la Android la kuonyesha uchoraji uliozidi. Buluu ina maana pikseli imechorwa mara moja ya ziada, kijani mara mbili, waridi mara tatu, nyekundu mara nne au zaidi. Skrini ikiwa nyekundu tupu chini ya uhuishaji wako, kuna mandhari zilizopangwa moja juu ya nyingine ambazo hakuna anayeziona. Ondoa zilizofichwa.

Ya tatu ni vivuli, ukungu na vinyago (maumbo ya kufunika sehemu ya picha). Kwenye iPhone hivi hulazimisha uchoraji wa pembeni kabla ya picha kuja kwenye skrini. Kivuli kisicho na shadowPath ni mfano unaojirudia. Kipe njia yake na mzigo unapungua. Menyu ya Debug ya simuleta inaweza kupaka rangi sehemu zinazochorwa hivyo, na hapa simuleta inasaidia kweli, kwa kuwa inakuonyesha muundo bila kudai kupima kasi. Kwenye Lottie, maktaba inayochezesha uhuishaji uliotengenezwa kwa programu ya After Effects, vinyago vinavyopishana ndivyo ghali zaidi. Mwombe mhuishaji akate umbo lenyewe badala ya kulifunika.

Ya nne ni uzi mkuu kuwa na kazi nyingine. Ukisoma faili kubwa au kuchambua data ya mtandao kwenye uzi uleule unaochora, uhuishaji utaganda kila data inapofika. Dalili yake ni mkwamo unaokuja mahali palepale, sekunde moja baada ya ukurasa kufunguka, kwa mfano. Hamishia kazi hiyo kwenye uzi mwingine.

Simama hapa ikiwa mkwamo unatokea kwenye modeli moja tu ya simu, huku nyingine zenye nguvu ndogo zaidi zikienda vizuri. Hapo shuku kiendeshi cha michoro cha simu hiyo. Kubahatisha kwa kubadilisha msimbo hovyo kutaharibu mahali palipokuwa pazima. Rekodi mwenendo kwa Perfetto (zana ya kupimia ya Android) au Instruments na umpelekee mhandisi aliyezoea mfumo huo.

Simu iko sawa, emuleta ndiyo inayosota

Hapa usihangaike sana. Karibu kila mara emuleta inachora kwa programu badala ya kichakata michoro, au inaendeshwa bila msaada wa kichakataji. Amri ya emulator -accel-check inakuambia kama msaada huo upo. Kisha iwashe kwa -gpu host, funga programu nyingine zinazokula kumbukumbu, na uianzishe upya kwa kuwasha baridi badala ya kuendelea na hali iliyohifadhiwa. Ikiwa uigaji wa vifaa umefungwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kompyuta ni ya ofisi, mwachie fundi wa mifumo afungue.

Inakwenda kasi mno, au polepole mno

Ukisikia "kwenye simu mpya inakimbia mara mbili", fungua msimbo moja kwa moja. Kuna mahali kitu kinasogezwa kwa kiasi kilekile kila fremu. Kwenye 60 Hz ilipangwa vizuri, kwenye 120 Hz inafika kwa nusu ya muda, kwenye 90 Hz kwa theluthi mbili. requestAnimationFrame inakupa alama ya muda kila inapoita. Tumia muda uliopita, usihesabu fremu. Simuleta haitakuonyesha hili ikiwa skrini ya kompyuta ni ya 60 Hz. Kinyume chake pia kipo: programu za iPhone zenye skrini ya ProMotion (ya hadi 120 Hz), zilizoanza na iPhone 13 Pro mwaka 2021, zinahitaji ufunguo wa CADisableMinimumFrameDurationOnPhone kwenye Info.plist ili uhuishaji wake ufike 120. Bila huo utabaki na 60 na kushangaa kwa nini mwendo haufanani na ule wa programu za mfumo.

GIF inayokwenda polepole ina siri yake. Muda wa kila fremu huandikwa kwa sehemu za mia za sekunde, na vivinjari vikikuta 0 au 1 huifanya 10. Kwa hiyo fremu uliyotaka ikae milisekunde 10 inakaa 100. Weka 2 au zaidi.

Na kama kwenye simuleta ya iPhone kila kitu kinaelea kama kiko ndani ya maji, angalia menyu ya Debug: huenda kuna mtu amewasha Slow Animations.

Kuna kipande hakionekani kwenye simu

Anza na jina la faili. Diski ya Mac kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, iPhone inatofautisha. Umeandika Nyota.png kwenye msimbo, faili inaitwa nyota.png: simuleta itaipata, simu haitaipata. Hali ni hiyohiyo ukijaribu ukurasa kwenye Windows halafu ukaupandisha kwenye seva ya Linux. Kanuni ya herufi ndogo tupu kwenye majina yote inaondoa tatizo zima.

Kama majina ni sawa na faili ni ya Lottie, tambua kwamba si kila kitu cha After Effects kinavuka. Lottie, iliyotolewa na Airbnb mwaka 2017, inasoma faili ya JSON iliyotolewa na Bodymovin, kiongezi cha After Effects. Kicheza cha wavuti kinaelewa fomula za mwendo zilizoandikwa ndani ya After Effects. Vicheza vya Android na iOS havizielewi. Hapo ndipo mhuishaji anapoona kazi yake kamili kwenye kivinjari cha kompyuta na mtu wa simu anaona mkono usiosogea. Kuona kwenye kivinjari si idhini ya kupeleka. Geuza fomula ziwe fremu funguo, badilisha tabaka za Illustrator ziwe maumbo, hakikisha picha za nje zimefungashwa pamoja na JSON, na maandishi yageuzwe kuwa maumbo ikiwa fonti haiendi na programu.

Video yenye uwazi iliyopata mandhari nyeusi ni suala la kodeki. Chrome inaonyesha uwazi wa WebM ya VP9. Safari inataka HEVC yenye uwazi, inayotambulika tangu iOS 13. Tengeneza faili mbili, na uthibitishe kwenye simu halisi kwamba kila kivinjari kinachukua iliyo yake. Kodeki za emuleta hazifanani na za simu, kwa hiyo usiitegemee kwa swali hili.

Programu inajifunga baada ya kucheza kwa muda

Ukubwa wa faili unadanganya. Picha ikifunguliwa kwenye kumbukumbu inachukua upana mara urefu mara baiti 4, hata kama kwenye diski ilikuwa kilobaiti 200. Fremu moja ya 1080 kwa 1920 ni takriban megabaiti 8.3. Mfuatano wa fremu 60 ukipakiwa wote kwa pamoja ni karibu megabaiti 500, kwa sekunde moja ya mwendo. Kwenye simuleta inapita kwa sababu kumbukumbu ni ya kompyuta.

Punguza vipimo vya picha vilingane na nafasi zinapoonekana, pakia fremu chache kwa wakati, au ugeuze mfuatano kuwa video. Kwenye simuleta ya iPhone unaweza kutuma onyo la kumbukumbu kupitia menyu ya Debug ili uone kama programu yako inaachilia picha. Hiyo inajaribu tabia, haijaribu kikomo. iPhone ikiifunga programu kwa kukosa kumbukumbu, huenda usipate ripoti ya kawaida ya kuanguka. Tafuta faili inayoanza na JetsamEvent kwenye data ya uchambuzi ya simu.

Ukitoka na kurudi, imesimama au imeruka mbele

Programu ya iPhone ikienda nyuma, uhuishaji wa Core Animation huondolewa. Urudishe programu inapoamka, au weka isRemovedOnCompletion iwe false. Kwenye wavuti, requestAnimationFrame husimama kichupo kikifichwa. Ukirudi, tofauti ya muda ni dakika nzima na mhusika anaruka hadi mwisho. Weka kikomo kwa tofauti hiyo. Emuleta ni nzuri hapa: ina uwezo wa kuigiza simu inayoingia na ujumbe, kwa hiyo jaribu kukatizwa katikati ya mwendo, si mwanzoni na mwishoni tu.

Kingo zimekatwa

Kama ni ukurasa wa wavuti, shuku 100vh, inayohesabu sehemu iliyofunikwa na upau wa anwani. Dvh inafuata ukubwa halisi. Pembe zikiingia chini ya kata ya kamera, tumia env(safe-area-inset-top) na ndugu zake pamoja na viewport-fit=cover. Simuleta inatosha kuthibitisha haya yote.

Dakika ya kwanza ni laini, ya kumi inakwama na simu ina joto

Simu inapopata joto hupunguza kasi ya kichakataji ili kujilinda. Simuleta haiwezi kukuonyesha. Toa kifuniko cha simu, ichomoe kwenye chaji, acha uhuishaji ucheze dakika 10 hadi 15 mfululizo, na ulinganishe fremu za mwanzo na za mwisho. Ukiunganisha iPhone kwenye Xcode, dirisha la vifaa linaweza kuiga hali ya joto kali bila kuichemsha simu kweli, na ningependekeza hiyo kuliko jua la dirishani. Apple inataja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kama joto la mazingira linalofaa kutumia iPhone. Tiba ya msimbo ni kusimamisha uhuishaji usioonekana, kushusha fremu hadi 30 pale mwendo ni wa polepole, na kutorudia bila mwisho kitu ambacho mtu ameshakiona.

Acha kabisa kujaribu ikiwa mgongo wa simu umevimba, skrini imeanza kuinuka, au kuna harufu ya kemikali. Zima, usiichaji, usiitoboe wala kuikandamiza, iweke mbali na vitu vinavyowaka na uipeleke kwa fundi wa betri. Simu za majaribio hukaa kwenye chaji mchana na usiku, na uvimbe huu ni hatari inayozihusu hasa. Usiipoze kwa kuiweka kwenye friji. Unyevu utaingia ndani.

Inamulika

Hapa agizo la kusimama linatangulia ukaguzi wote. Kama maudhui yanawaka na kuzima zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde moja, usiyapeleke kwa wajaribu wala kuyaonyesha kwenye kikao. Kiwango hicho cha mara 3 kimo kwenye WCAG, miongozo ya ufikivu wa wavuti, kwa sababu mimuliko inaweza kuamsha kifafa kwa mtu ambaye hata hajui anacho. Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni cha televisheni chenye mimuliko ya haraka ya nyekundu na buluu kilipeleka mamia ya watoto hospitalini. Kasi ikibadilika kwenye skrini ya 120 Hz kwa sababu ya kuhesabu fremu, mmuliko uliokuwa salama kwenye simuleta unaweza kuvuka mpaka kwenye simu. Hesabu kwa rekodi ya fremu 240, na mwenye shaka amtafute mtaalamu wa ufikivu mwenye zana za kupima mimuliko. Mjaribu akipata mtukutiko, zima skrini, ondoa vitu vigumu karibu naye na uite huduma ya dharura. WCAG pia inadai mwendo unaojianzisha na kuzidi sekunde 5, sambamba na maudhui mengine, uwe na njia ya kuusimamisha.

Ukifika kwa mtaalamu

Mpe modeli ya simu na toleo la mfumo, kasi ya skrini iliyowekwa, thamani za vipimo 3 vya uhuishaji, hali ya kuokoa betri na ya kupunguza mwendo, aina ya toleo la programu, na video ya kamera ya pili. Kwa Android yenye maudhui ya wavuti ongeza toleo la WebView (kijenzi kinachoonyesha wavuti ndani ya programu), kwa kuwa husasishwa peke yake bila kungoja mfumo, na simu mbili za modeli moja zinaweza kuwa na WebView tofauti. Ongeza pia faili asili ya mhuishaji, siyo iliyokwisha kutolewa tu. Bila hiyo, tatizo la fomula au la kinyago haliwezi kuonekana.